Ngoma Isizimwe

Wiki iliyopita tulimzika Mwalimu Lameck kule Mbeya, kwa binti yake Upendo alikohamia uzeeni, na wakati wa kusoma wasifu wa marehemu nikasikia jina langu. Kijana aliyekuwa anasoma, mjukuu wake nadhani, alisema Mwalimu aliongoza kwaya ya Ilula miaka mingi, alitunga nyimbo, "na ndiye aliyemfundisha kinanda Tulinagwe, mpigaji wa kwanza pale usharikani." Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja pembeni yangu akanishika mkono akaniambia, "Pole mwaya, mwalimu wako ameondoka." Nikamjibu nimeshapoa, nikaficha uso kwenye kanga. Ningesema nini pale, jeneza liko mbele yetu? Lakini tangu nirudi Iringa sina raha. Chai inanipoa mezani, mume wangu ananiuliza nina nini, namwambia ni uchovu wa safari. Mwalimu Lameck hakunifundisha kinanda. Hakuna aliyenifundisha. Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi na nani walinilea, hao hawahusiki hata kidogo. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule nilioishi na uongo mdomoni toka mvua mpaka mvua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimaliza kidato cha nne Mbeya nikapata matokeo ya kuficha, nikapelekwa kwa shangazi yangu Ilula nimsaidie kuuza nyanya barabarani. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilijaa matenga ya nyanya mpaka usawa wa dirisha, na harufu ya zile zilizoanza kuoza haikutoka hata tukiacha mlango wazi kutwa. Tulikula juu ya tenga lililopinduliwa, ugali na mlenda, siku ya neema dagaa. Mchana nilikimbilia mabasi na ndoo mkononi, "Nyanya mama, nyanya kaka," dirisha linafunguliwa, mkono unatoka, unaminyaminya nyanya zangu, unarudi ndani mtupu. Nililichukia dirisha la basi kuliko kitu chochote duniani. Jioni moja Mwalimu Lameck, ambaye ndiye alikuwa mwalimu wa kwaya, alikuja na Mzee Elia wa baraza la wazee wa kanisa. Wakakaa pale mbele na shangazi, mimi niko nyuma ya pazia napuliza jiko. Nikawasikia wanazungumza habari za kinanda cha umeme. Marafiki wa usharika kutoka Ujerumani walikileta, kimekaa kwenye boksi tangu Krismasi, hakuna wa kukigusa. "Tusipopata mpigaji kabla ya Pasaka," Mzee Elia akasema, "kitahamishiwa kwa wenye mpigaji." Mwalimu akajibu, "Mimi mwenyewe ningesema kihame tu, kwaya yangu ina makoo. Ila mama Upendo pale nyumbani anakitaka. Kila siku ananiuliza kitapigwa lini." Nikatoka na birika la chai, sijui shetani gani alinisukuma, nikasema, "Shikamooni. Mimi nilijifunza piano shuleni."

Ukweli ni kwamba shule yetu ilikuwa na piano kuukuu ukumbini, imefungwa kufuli, na mimi nilikuwa na zamu ya kuipangusa vumbi. Basi. Lakini mdomo ukishatoa neno mbele ya wazee wawili na shangazi yako, unalirudishaje? Mwalimu alinitazama usoni muda mrefu, akauliza kama nasoma do-re-mi. Nikasema nasoma. Hilo angalau lilikuwa kweli. Kesho yake akanikabidhi ufunguo wa chumba cha nyuma ya madhabahu, akasema ana imani na mimi.

Kinanda chenyewe kilikuwa kizuri, cheusi, kirefu kama mkono na nusu, kinakula betri sita za tochi. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani, nacho nikakifunua kurasa zote nikitafuta picha. Nikapata moja tu: mkono wa kushoto umenyoosha kidole kimoja, na mshale unaonyesha swichi ya kusukuma. Nikaisukuma ile swichi mpaka mwisho wa kulia, nikaweka kidole kimoja upande wa kushoto. Mungu wangu! Chumba kikajaa bendi. Ngoma, besi, gitaa, vyote kwa kidole changu kimoja, na nilipohamisha kidole bendi nzima ikahama nami. Nilicheka peke yangu, nikaziba mdomo. Siku zilizofuata nikagundua kwamba nikibonyeza kwa vidole vitatu kwa zamu, kimoja kimoja, nyimbo nyingi za kwaya zinakubali, na mkono wa kulia unaweza kudonoa sauti ya kwanza juu yake. Mara moja tu nilijaribu bila ngoma: nikairudisha swichi kushoto, bendi ikapotea yote, kidole changu kikabaki kinatoa mlio mwembamba wa filimbi ya mtoto. Nikaona aibu ingawa sikuwa na mtu. Nikairudisha swichi kulia haraka na sikuigusa tena. Sikujua kupanga vidole vitatu kwa pamoja nikatoa sauti zinazoelewana, wala sikuwa na wa kumuuliza, maana wote walidhani najua.

Kwaya ya Mwalimu Lameck ilikuwa na desturi yake, na wale waliosali Lutherani vijijini kwetu wataielewa. Hakuwa na ala. Kabla ya wimbo aliinamisha kichwa, akaisikiliza hali ya hewa ya siku hiyo ndani ya koo lake, kisha akazigawa sauti nne, kwanza kinamama, mwisho wanaume wa sauti ya nne, kila kundi linashika lake kwa kuguna. Asubuhi ya baridi aliushusha wimbo. Kwenye msiba aliushusha zaidi. Na kinamama wale wa Kihehe walikuwa na tabia ya kuivuta silabi ya mwisho mpaka pumzi iishe, wala Mwalimu hakuwakatisha, alisimama mkono juu akiwangoja. Mashine haingoji mtu. Jumapili ya Pasaka nilipoweka kidole na rumba ikaanza, vijana walipiga makofi mpaka vumbi likapanda, na Mzee Elia akacheza, mzee mzima. Lakini kinamama waliobaki nyuma kwenye silabi yao walikuta wenzao wako mstari wa tatu. Baada ya mwezi wakaacha kuvuta. Baada ya miezi miwili wengine wakaacha kuja mazoezini. Na mimi nilijua sauti moja tu ya kuanzia, kwa hiyo wanaume wa sauti ya nne wakawa wanakimbilia juu mishipa imewatoka shingoni. Mwalimu bado alisimama mbele na mikono yake juu, ila hakuna aliyeitazama. Waliitazama mikono yangu. Nakiri nilifurahi. Nilikuwa sikimbilii tena mabasi, shangazi aliniachia asubuhi zote za mazoezi, na wasichana wa Ilula walianza kusuka nywele kama zangu.

Ni kwenye mazoezi ya Juni ndipo Mwalimu aliponijia, amevaa koti lake la sufi na kofia. "Tuli, mwanangu, wimbo huu ni wa toba. Zima ngoma, unipe sauti nne peke yake." Kwaya nzima ilinitazama. Nikasema, na nilisema kwa sauti ya mtaalamu kabisa, "Haiwezekani, Mwalimu. Ngoma ikizimwa peke yake, kuna fyuzi ndani, inaungua. Inazimwa mashine yote kwa pamoja, au haizimwi." Basi, hivyo tu. Alitikisa kichwa, akasema hakujua, akaomba samahani. Akaniomba samahani mimi! Jumapili iliyofuata jambo hilo lilipelekwa barazani, maana kitu cha zawadi kikiharibika usharika mzima unaaibika mbele ya waliokitoa, na Mwalimu mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaandika karatasi na kuibandika juu ya boksi: NGOMA ISIZIMWE. Kila nilipofungua lile boksi niliisoma. Shangazi, ambaye hakuwa mjinga, aliniuliza siku moja tunachambua nyanya, "Hivi wewe, hiyo fyuzi umeiona kwa macho?" Nikamwambia ameanza maswali ya polisi. Akasema haya, yangu macho.

Mwezi wa Julai mama Upendo, mke wa Mwalimu, alilala na hakuinuka tena. Uvimbe wa tumbo. Walikwenda Iringa, wakarudishwa na dawa za maumivu na maneno ya kumtia moyo, na kila mtu akaelewa. Nilikwenda mara mbili kumwangalia na shangazi, tukapeleka uji. Chumba chao kilikuwa safi mno, ukuta umepakwa udongo mweupe, kitanda kimesogezwa dirishani ili aone mibuni, na juu ya stuli kikombe cha uji ambacho hakikupungua. Mara ya pili nikiwa jikoni kwao naosha vyombo, niliwasikia wakizungumza. Alikuwa anamkumbusha mumewe kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu alichokisikia misheni akiwa msichana, kinavyoshika sauti ikakaa, ikakaa, mpaka unaona kanisa limejaa maji. "Wimbo ulionitungia tulipofunga ndoa," akasema, "nimeuimba miaka yote kwa koo. Nataka kuusikia kwa sauti ile kabla sijaondoka." Mwalimu akasema, "Kinanda si kipo. Tutakileta." Sahani iliniteleza mkononi. Nilijua ndani ya kinanda kuna kitufe cha sauti ileile ya misheni, nilishawahi kukibonyeza. Na nilijua kwamba bila ngoma mimi si kitu.

Wakakileta, vijana wawili wa kwaya wamekibeba, wakakiweka juu ya meza ya kulia chakula iliyosogezwa mpaka mlangoni mwa chumba. Jirani walijaa uani. Mama Upendo aliinuliwa kwa mito miwili, amefungwa kitambaa kipya kichwani, macho yanang'aa. Nilichagua ngoma ya polepole kuliko zote iliyokuwamo, nikapunguza sauti, nikaomba moyoni, nikaweka kidole. Tiki-taka, tiki-taka, besi inaruka. Hata kabla ya mstari wa pili aliweka kiganja sikioni. Mwalimu akanijia, akainama, akasema taratibu asisikike, "Mwanangu, hii ngoma haiwezi kupumzika kidogo? Hata ikiungua, nitakwenda mimi mbele ya wazee, nitasema ni mimi niliyekulazimisha." Nilimwona mboni za macho. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili tu, sijui kupiga, na mume huyu angejua la kufanya, angeimba mwenyewe, angemwita mtu kutoka Iringa, angefanya lolote. Nikasema, "Ikiungua leo, Mwalimu, hata Jumapili hatutakuwa nayo." Mama Upendo akaniwahi kutoka kitandani, kwa adabu ileile ya mtu mzima anayemwondolea mtoto aibu: "Asante, mwanangu. Inatosha. Umepiga vizuri." Nikazima mashine yote. Wiki mbili baadaye tulimzika, kwaya ikaimba bila kinanda, Mwalimu akiushusha wimbo chini kabisa, na mimi nikasimama kwenye sauti ya pili nikiona nafuu kwamba sikuambiwa nipige. Nafuu! Ndivyo nilivyokuwa.

Oktoba kulikuwa na mkusanyiko wa kwaya Mbeya, nasi tukapanda basi la kukodi alfajiri. Mwalimu alikaa kiti cha mbele na mimi nyuma yake, boksi la kinanda kati ya miguu yangu. Toka Mafinga mpaka Makambako nilijiandaa kumwambia. Makambako tukashuka, akaninunulia hindi la kuchoma, akanipa lile lililoiva vizuri akachukua yeye lililoungua, nikashindwa. Tulipoteremkia Igawa nikamgusa bega, akageuka, "Naam?" nikamuuliza kama Chimala bado mbali. Ukumbi wa Mbeya ulijaa. Sisi tulipangwa wa nne, na wa tatu ilikuwa kwaya moja ya mjini yenye mpigaji kijana, mwenye tai, na kinanda chake kilikuwa pacha wa kile chetu, mpaka swichi zake. Alianza na ngoma kama mimi. Ubeti wa pili ukawa wa sala, akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe, ngoma ikanyamaza. Sauti zikabaki peke yake, ndefu, tulivu, kwaya ikapumua juu yake. Ubeti wa tatu akairudisha ngoma. Hakikuungua chochote. Mwalimu alikuwa amekaa mstari wa mbele yangu. Nikaona mgongo wake umenyooka. Nikangoja ageuke. Aligeuka taratibu sana, akanitazama, na mimi nilitazama chini, na hilo lilimtosha kama jibu. "Wa nne, Ilula," mtangazaji akaita. Mwalimu akasimama, akarekebisha koti, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe kaa sauti ya pili." Tukaimba bila kinanda. Kinamama walivuta silabi zao na ukumbi ukawangoja.

Tuliporudi Ilula alinidai ufunguo, nikampa. Nikakaa nikingoja. Kila Jumapili baraza lilipoketi niliharisha. Nilikuwa na hakika atanisema, nitatengwa, shangazi atanirudisha kwetu na ndoo yangu. Hakusema. Mzee Elia alipouliza mbona kinanda kimenyamaza, Mwalimu akajibu kuna mambo anayaangalia, na hapo hapo akabadilisha mazungumzo. Nikarudi kwenye mabasi. Mwezi mzima tulipishana njiani, "Shikamoo, Mwalimu," "Marahaba," hatua hazipungui. Afadhali angenichapa makofi mbele za watu yaishe. Shangazi aliona sili, akaacha kuniuliza.

Mvua ya kwanza ilipopiga, mwishoni mwa Novemba, nilikimbilia kibarazani mwa kanisa na ndoo yangu. Ilikuwa alasiri. Nikasikia ndani sauti ile ya kinanda cha misheni, imeshikwa, imekaa, haina ngoma. Nikadhani Mwalimu amemleta mtu wa kupiga kutoka mjini. Nikachungulia mlango wa pembeni. Alikuwa Mwalimu peke yake, miwani puani, daftari la shule limefunguliwa juu ya kinanda, na alikuwa amenyoosha kidole kimoja. Kimoja, cha mkono wa kushoto, na chini yake sauti zote zimesimama zimejaa. Nilidhani macho yananidanganya. Ndoo iligonga mlango akaniona.

"Njoo," akasema.

Nikaenda, nikasimama pembeni yake nachuruzika maji. "Nani amekufundisha, Mwalimu?"

"Nimebonyeza vyote kimoja kimoja, nikaandika kila kimoja kinafanya nini." Akanionyesha daftari, kurasa kwa kurasa, mwandiko wa ubaoni. Kisha akaigusa ile swichi ya kusukuma, iko kulia kabisa, palepale nilipozoea kuiweka. "Hii huigusi. Unabonyeza hiki chekundu. Ngoma inanyamaza, sauti zinabaki. Kidole ni kilekile kimoja." Akanitazama. "Hukujua?"

"Sikujua, Mwalimu." Na ni kweli sikujua. Miezi yote ile nilificha kwamba sina vidole vya kupigia bila ngoma, na mashine ilikuwa haivitaki. Kitufe kimoja, sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu, siku ile mezani kwake, mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Ningekuwa nimesema sijui, tungekaa wawili tukakitafuta. Tungekipata mchana mmoja.

Hakusema neno la kunilaumu. Aliligeuza daftari kwenye ukurasa wa mwisho, akaweka kidole, akaupiga wimbo wa ndoa yake, polepole, akihama pale panapotakiwa kuhama na kungoja pale ambapo mkewe alikuwa anavuta pumzi. Aliupiga wote bila kukosea. Alipofika mwisho hakuinua kidole, akaiacha sauti ikae.

"Alitaka mara moja tu," akasema.

Nililia pale nimesimama, kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wakati huohuo. Yeye hakunibembeleza na hakunifukuza. Akafuta miwani yake kwa ncha ya koti, akairudisha puani, akaanza tena ubeti wa kwanza.